Kuongeza kasi ya Ryzen 5 5600 na kuhakikisha imetulia

Kompyuta ambayo prosesa yake imeongezwa kasi vibaya kupita ya kiwandani (overclock) mara nyingi haikosei pale unapoitazama. Inapita jaribio zito la dakika kumi, inacheza gemu jioni nzima, halafu inajizima usiku ikiwa haina kazi nyingine zaidi ya kupakua faili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kupima. Kubadilisha namba kwenye BIOS, menyu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi kuu (madabodi), ni kazi ya dakika tano, lakini kujua kama namba hizo zinaaminika ni kazi ya siku mbili tatu.

Tunachukua Ryzen 5 5600, prosesa ya AMD ya soketi AM4 iliyotoka Aprili 2022. Ina viini (cores) 6, kasi ya msingi GHz 3.5, kasi ya juu GHz 4.4 na kikomo cha joto cha nyuzi 90. Ukiwa na 5600X au 5800X, hatua ni zile zile ila vikomo vinatofautiana. 5800X3D iache kando, kizidishi chake, namba inayopanga kasi, kimefungwa kiwandani.

Angalia pia madabodi kabla ya kutumia hata shilingi moja. Chipseti (chipu ya madabodi inayoamua uwezo wake) za B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaruhusu kuongeza kasi. A320 na A520 haziruhusu, na hakuna mbinu ya maana ya kuzilazimisha. Jua vilevile kwamba dhamana ya AMD hailipi uharibifu uliotokana na kuongeza kasi, hata kama ulitumia vifaa vyao wenyewe.

Volti ndiyo ya kuogopa

Wengi huogopa namba ya GHz. Kasi peke yake haiui prosesa. Ikizidi, kompyuta inaganda, unaiwasha tena na hakuna kilichoharibika. Kinachokula maisha ya prosesa ni volti na mkondo mkubwa wa umeme ndani ya nyaya zake nyembamba mno, hasa zikiwa na joto. Atomi za chuma cha nyaya hizo husukumwa kidogo kidogo kutoka mahali pake, mpaka siku moja kasi iliyokuwa imetulia mwaka mzima inaanza kuleta makosa.

Umeme unaoliwa hulingana na kasi mara volti mara volti. Chukua prosesa iliyokuwa GHz 4.4 kwa volti 1.20, ipeleke GHz 4.6 kwa volti 1.35. Kasi imepanda kwa asilimia 4 na nusu, lakini umeme, na joto linalotokana nao, umepanda kwa asilimia 30 na zaidi. Kwa biashara ya namna hiyo, huna ulichopata.

Mfano mmoja wa nguvu ya volti ni wa mwaka 2023, pale baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 zenye X3D, yaani kashe ya ziada, zilipoungua ndani ya soketi. Volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM na mawasiliano, iliachwa ipande mno, na AMD wakaweka kikomo cha 1.30 kupitia BIOS mpya. Baadhi ya walioathirika walikuwa wamewasha tu profaili ya RAM, mpangilio ulioandaliwa tayari wa kuipandisha kasi. Kwa hiyo usidhani neno "Auto" kwenye BIOS ni sawa na neno "salama". Soma volti halisi mwenyewe.

Kuna jambo moja linalowashtua wageni: ukifungua HWiNFO64, programu ya kusoma joto, volti na kasi, ukiwa hujagusa kitu, unaweza kuona volti 1.35 au hata 1.4 wakati kompyuta haifanyi kazi nzito. Hiyo ni kawaida. Kiini kimoja kinaruka juu kwa muda mfupi na mkondo ni mdogo. Volti hiyo hiyo ukiifunga kwa mkono ibaki muda wote, viini vyote sita vikiwa kazini, ni habari nyingine kabisa.

Kupoza kwanza

Kipozaji cha Wraith Stealth kinachokuja kwenye boksi kinatosha kwa matumizi ya kawaida tu. Kwa kazi hii tafuta kipozaji cha mnara chenye feni ya milimita 120 na mirija minne ya shaba au zaidi. Cooler Master Hyper 212 na Thermalright Peerless Assassin 120 SE ni majina utakayokutana nayo, na hicho cha pili kinapoza vizuri zaidi.

Kung'oa kipozaji cha zamani ndipo prosesa nyingi za AM4 zinapopotea. Pini zake 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, na pesti ya kupitisha joto iliyokauka hushika kama gundi. Endesha kazi nzito dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, kisha legeza skrubu nne kwa kupokezana, kona moja kisha ile inayoikabili. Zungusha kipozaji taratibu kushoto na kulia hadi uhisi kimeachia, ndipo ukiinue. Ukikivuta moja kwa moja kwenda juu, prosesa inaweza kung'oka nacho kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zikapinda.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi. Weka tone la pesti mpya lenye ukubwa wa punje ya njegere katikati, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kipozaji hukaa mshazari na kona moja ya prosesa hubaki na joto kali.

Hesabu pia joto la chumba. Vipimo vingi vya vipozaji unavyovisoma hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 hadi 25. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kina nyuzi 32, na tofauti hiyo ya nyuzi saba hadi kumi na moja inahamia karibu yote kwenye prosesa. Kwa hiyo mpangilio wa mtu wa Ulaya usiunakili ulivyo. Pima mchana, saa ambayo chumba chako kina joto zaidi, na lenga usizidi nyuzi 85 chini ya mzigo mzito. Ikifika 90 prosesa itajipunguza kasi yenyewe na faida yote itayeyuka.

Umeme, BIOS na tahadhari

Pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze inatosha kwa prosesa hii na kadi ya picha ya wastani, ilimradi iwe ya kuaminika. Zile nyepesi zisizo na jina, zinazouzwa pamoja na kesi, usizitumie kwa kazi hii. Volti zake huyumba, nawe utatafuta kosa kwenye prosesa wiki nzima wakati kosa liko kwenye boksi la umeme. Kiunganishi cha pini 8 kilicho juu ya madabodi kichomekwe chote.

Kwenye bodi za bei nafuu za B450, angalia kama sakiti za umeme zilizo kando ya soketi, zile za VRM, zimefunikwa na bati la kupozea. Sakiti hizo zinashusha volti 12 hadi kama 1.2 na kupitisha makumi ya ampea. Kama ziko wazi, usipandishe kikomo cha umeme, tumia tu hatua ya kupunguza volti itakayoelezwa chini.

Sasisha BIOS. Curve Optimizer, mpangilio wa kupunguza volti ya kila kiini tutakaoutegemea, inahitaji toleo la AGESA (msimbo wa AMD ulio ndani ya BIOS) 1.1.8.0 au la baadaye. Usisasishe bila UPS (betri ya akiba) mahali ambapo umeme hukatika: ukikatika BIOS ikiandikwa, bodi isiyo na kitufe cha Flashback, cha kuandika BIOS upya kwa USB, huenda isiwake tena. Kabla ya hapo nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje, na kama Windows imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi, kwani BIOS mpya inaweza kuufanya mfumo uudai.

Pima hali ya kawaida

Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani na uiache RAM kwenye kasi yake ya kawaida kwa sasa. Endesha Cinebench R23, programu ya bure inayopima nguvu ya prosesa kwa alama, ya viini vyote kwa dakika 10 huku HWiNFO64 ikirekodi. Andika mambo manne: alama ulizopata, joto la "CPU (Tctl/Tdie)", wati za "CPU Package Power", na kasi halisi inayoitwa "Effective Clock". 5600 isiyoguswa hupata karibu alama 11,000. Bila karatasi hii hutajua kama umepata faida au umepata joto tu.

Baada ya hapo washa profaili ya RAM, XMP au DOCP kulingana na bodi, kisha endesha MemTest86, jaribio la RAM, mizunguko minne. Kosa hata moja halikubaliki. RAM ijaribiwe kabla ya prosesa, la sivyo makosa yatachanganyika na hutajua yupi mkosaji. Kwa RAM ya DDR4-3600, kasi ya Infinity Fabric (njia ya mawasiliano ndani ya prosesa), yaani FCLK, iwe MHz 1800, na kwa 3200 iwe 1600. Volti ya SoC isivuke 1.15.

Njia tunayopendekeza: PBO na Curve Optimizer

Prosesa hizi hujipandisha kasi zenyewe kila zinapoona nafasi kwenye joto, umeme na volti. Ukizipunguzia volti kwa kila kasi, zinapoa, na nafasi iliyobaki huitumia kupanda juu zaidi. Hapo unapata kasi na ubaridi kwa pamoja, jambo ambalo kufunga kasi kwa mkono halikupi.

Ingia kwenye BIOS, tafuta "Precision Boost Overdrive" (PBO) ndani ya "AMD Overclocking", iweke "Advanced". Vikomo vya kiwandani vya 5600 ni PPT (umeme wote) wati 76, TDC (mkondo wa muda mrefu) ampea 60 na EDC (mkondo wa kilele) ampea 90. Kwa kipozaji cha mnara na bodi nzuri, weka 95, 70 na 100. Soma vizuri kizio, maana bodi nyingine zinataka miliwati na miliampea, kwa hiyo unaandika 95000. Ukiandika 95 pale, prosesa itatambaa kama konokono. "Scalar" iache 1X au Auto. Kazi yake ni kuiruhusu prosesa ikae kwenye volti ya juu kwa muda mrefu zaidi, na hatuoni faida inayolingana na uchakavu huo. "Max CPU Boost Clock Override" iache 0 kwanza.

Sasa Curve Optimizer. Chagua "Per Core", alama "Negative". Kila hatua moja inapunguza kama milivolti 3 hadi 5, na mwisho ni hatua 30. HWiNFO64 hupanga viini kwa ubora, hivyo utaona vilivyoandikwa perf #1 na #2. Viini hivyo bora tayari vimepewa volti ndogo kiwandani na ndivyo vinavyopelekwa kasi ya juu kabisa, kwa hiyo havina akiba kubwa. Vianze -10. Vinne vilivyobaki vianze -20. Ukiona mtu anakwambia aliweka -30 kwa viini vyote na iko sawa, muulize aliijaribu vipi.

Rudia Cinebench. Alama zipande na joto lishuke au libaki palepale. Ikitokea kasi inayoonyeshwa imepanda lakini alama zimeshuka, linganisha na "Effective Clock". Prosesa iliyonyimwa volti hunyoosha mapigo ya saa yake ili isianguke, kwa hiyo inaonyesha GHz nyingi huku ikifanya kazi kidogo. Rudisha hatua tano kuelekea sifuri.

Jaribio linalosema kweli

Cinebench au Prime95 (programu ya hesabu nzito) ya viini vyote haiwezi kuthibitisha Curve Optimizer. Viini vyote vikishika kazi, kasi inashuka hadi chini ya kile kiwango cha hatari. Makosa yako juu, pale kiini kimoja kinapokimbia peke yake, na katika kupanda na kushuka kwa haraka kompyuta ikiwa karibu haina kazi. Hili ndilo wengi wasilolijua, na ndilo linalozaa zile kompyuta zinazojizima usiku.

Tumia CoreCycler, skripti ya bure inayoendesha Prime95 kwenye kiini kimoja baada ya kingine. Kwenye faili la config.ini chagua Prime95, hali ya SSE (aina ya maagizo ya prosesa), kwa sababu SSE ni nyepesi na inakiruhusu kiini kufika kasi yake ya juu kabisa. Weka dakika 20 kwa kila kiini. Viini sita ni saa mbili kwa mzunguko, na usiku mmoja wa saa nane unakupa mizunguko minne. Skripti itakuandikia kiini kipi kimekosea. Ongeza hatua tatu hadi tano kwa kiini hicho peke yake, kwa mfano kutoka -20 kwenda -16, na uanze upya. Usiwape wote adhabu ya mmoja.

Kompyuta ikijizima kabla skripti haijaandika kitu, fungua Event Viewer ya Windows, upande wa System, utafute WHEA-Logger, inayorekodi makosa ya vifaa. Tukio namba 18 lenye maneno "Cache Hierarchy Error" linataja namba ya APIC ID. Kwenye 5600 gawanya namba hiyo kwa mbili na uache mabaki: APIC 6 au 7 ni kiini cha 3, kwa kuhesabu kuanzia 0. Tukio namba 19 la "Bus/Interconnect Error" kwa kawaida linaelekeza kwenye FCLK, na dawa yake ni kuishusha RAM na FCLK pamoja. Kernel-Power 41 peke yake inakwambia tu kwamba kompyuta ilizimika bila utaratibu, haikuelezi sababu.

Usiku wa pili usiendeshe jaribio lolote. Iache kwenye deskitopu, ilaze kwa Sleep na kuiamsha mara kadhaa, cheza video, fungua na kufunga kivinjari. Usiku huu unaonekana wa bure, lakini unakamata makosa ambayo Prime95 iliyapita.

Vikishatulia, ndipo uguse Boost Override: ongeza MHz 50, jaribu usiku mmoja, ongeza tena. Mwisho ni 200, unaokufikisha karibu GHz 4.65. Kila MHz 50 inaweza kukulazimisha kurudisha hatua mbili tatu kwenye viini bora. Ikifika mahali unarudisha hatua nyingi kuliko kasi unayopata, hapo ndipo mwisho wa prosesa yako. Kila prosesa na bahati yake, hata mbili za boksi moja hazifanani.

Kufunga kasi kwa mkono

Kuna wanaotaka kasi moja isiyobadilika, hasa kwa kuchakata video saa nyingi. Weka kizidishi 44 na volti 1.20 na uendeshe Cinebench dakika 10. Ikipita, panda kwa 0.5, yaani MHz 50. Ikianguka, ongeza volti 0.0125 na ujaribu tena. Simama ukifika nyuzi 85 au volti 1.30, chochote kitakachotangulia. Nyingi huishia GHz 4.5 au 4.6. Baada ya hapo endesha Prime95 Small FFT nusu saa na OCCT, jaribio jingine la utulivu, saa moja.

Hapa utakutana na Load-Line Calibration, inayozuia volti isishuke mzigo unapokuja. Chagua kiwango cha kati. Kile kikali zaidi husababisha volti kuruka juu mzigo unapoondoka, na mruko huo ni mfupi kiasi kwamba programu haiuoni. Angalia mwongozo wa bodi yako: kwa Asus namba kubwa ndiyo kali, kwa MSI na ASRock namba ndogo ndiyo kali. Kosa hapa ni rahisi kulifanya.

Ikigoma kuwaka

Bodi nyingi hujaribu mara tatu kisha hurudi kwenye mipangilio ya kawaida, kwa hiyo subiri dakika mbili kabla ya kuhangaika. Isiporudi, zima pawa saplai, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusanisha pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, CLRTC au JBAT1 kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi. Kama hazionekani, toa betri ya CR2032 kwa dakika tano.

Ukishapata mpangilio uliotulia, uhifadhi kama profaili ya BIOS na upige picha za skrini kwa simu, kwa sababu profaili nyingi hufutika ukisasisha BIOS. Toleo jipya likija, usiingize namba za zamani na kuendelea kama kawaida. Rudia usiku mmoja wa CoreCycler, kwani AGESA mpya inaweza kubadilisha jinsi prosesa inavyopanda kasi. Na kama Windows ilianguka mara nyingi ukiwa unajaribu, fungua Command Prompt kama msimamizi na uendeshe sfc /scannow, maana faili za mfumo zinaweza kuwa zimeharibika, na makosa yake yanafanana kabisa na ya prosesa isiyotulia. Kwa wanaokaa karibu na bahari, safisha vumbi kwenye mapezi ya kipozaji kila baada ya miezi miwili au mitatu: unyevunyevu wa chumvi huligandisha, na nyuzi sita au saba hupanda bila wewe kugusa kitu.